Pumzi Isiyofika Bahari

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili ya Eastlands, Nairobi, na nimeishi na ugonjwa wa lupasi, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, tangu mwaka 2012, ingawa jina lake nililifahamu mwaka mmoja baadaye. Watu wengi wanapousikia hufikiria ule wekundu wa mashavuni wenye umbo la kipepeo, au viungo vilivyovimba, au figo. Mimi ulinianzia kifuani, na hadi leo kifua ndicho kinachoniamulia nipande ngazi ngapi, nifundishe vipindi vingapi na nilalie ubavu upi. Ninayotaka kueleza yanahusu namna pumzi inavyopungua mwaka hadi mwaka bila mwenyewe kutambua, kwa sababu huko kutotambua kulinigharimu kuliko maumivu yote niliyowahi kuyapata.

Mwezi wa Februari mwaka huo nilianza kuhisi mchomo kama wa sindano upande wa kulia wa kifua kila nilipovuta pumzi ndefu, nilipokohoa au nilipocheka. Mama yangu, ambaye anaishi Malindi, aliposikia kwa simu nikikatiza maneno alisema bila kusita, "Hicho ni kichomi, mwanangu, usilale sakafuni." Kuhusu sakafu alikosea, lakini neno lenyewe lilikuwa sahihi kuliko mengi niliyoambiwa miezi iliyofuata. Mapafu yamefunikwa kwa utando wenye tabaka mbili nyembamba sana, ambazo huteleza moja juu ya nyingine kila tunapopumua kwa msaada wa umajimaji mchache ulio katikati yake. Utando huo ukivimba, zile tabaka hukwaruzana, na daktari anayesikiliza kwa makini husikia mlio kama wa viatu vipya vya ngozi. Kati ya madhara yote ambayo lupasi huyaletea mapafu, uvimbe huo wa utando ndio unaotokea mara nyingi zaidi, na wakati mwingine huacha maji yakijikusanya kifuani.

Yangu yalijikusanya. Kituo cha afya nilichokwenda kilinipiga picha ya eksirei, wakanichoma sindano mgongoni kati ya mbavu, wakatoa maji ya rangi ya strungi nyepesi na kuyapeleka maabara. Vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, si kwenye maji wala kwenye makohozi, lakini nilianzishiwa dawa za kifua kikuu hata hivyo. Siwalaumu kwa hilo. Katika nchi yetu, mtu mwenye maji upande mmoja wa kifua, homa za jioni na nguo zinazompwaya hudhaniwa kwanza kuwa na kifua kikuu, na mara nyingi dhana hiyo huwa kweli, kwa kuwa kifua kikuu cha utando wa mapafu hujificha hata kwenye darubini. Nilimeza dawa nne kwa miezi miwili na dawa mbili kwa miezi minne, mkojo ukageuka rangi ya chungwa, nikaacha kuwapakata watoto wa dada yangu. Ninachowalaumu ni kwamba katika mwezi wa nne wa dawa, nilipowaeleza kuwa homa haijaondoka, kwamba vidole vinakakamaa asubuhi na nywele zinabaki kwenye kitana, walinijibu kwamba hizo ni dawa zinafanya kazi, nikaambiwa nivumilie nimalize. Nilimaliza mwezi wa Septemba. Kufikia Novemba maji yalikuwa yamerudi, safari hii pande zote mbili.

Daktari bingwa wa maradhi ya viungo niliyeelekezwa kwake mwanzoni mwa mwaka 2013 alinishangaza kwa kuuliza maswali ambayo kwangu hayakuwa na uhusiano wowote na kifua: kama nimewahi kupata vidonda mdomoni, kama jua la mchana hunichoma ngozi kwa namna isiyo ya kawaida, kama nimewahi kuharibikiwa na mimba, kama mkojo una povu. Alipima kingamwili zinazoshambulia viini vya chembe za mwili, kile kipimo kinachoitwa ANA, kisha kingamwili zinazoshambulia DNA yenyewe, kisha protini kwenye mkojo. Alinieleza kuwa ANA peke yake haitoshi, kwa kuwa watu wengi wazima huwa nayo bila ugonjwa, na pia kwamba isoniazidi, mojawapo ya zile dawa nilizokuwa nikimeza, inaweza kuamsha hali inayofanana na lupasi. Lakini lupasi ya dawa kwa kawaida hutulia dawa ikiachwa na ni nadra kugusa figo, na yangu ilikuwa imeanza kabla ya dawa, ikaendelea baada yake, na figo ilikuwa imeshaguswa. Kinga yangu, alisema, imesahau kutofautisha mwenyeji na mgeni. Nilipewa haidroksiklorokwini na prednisoloni, dawa za kuituliza kinga hiyo, na katika muda wa wiki tatu kile kichomi nilichokaa nacho mwaka mzima kikapoa kama moto uliomwagiwa maji.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Kwa kuwa maumivu yaliondoka, nilidhani mapafu yamepona. Kliniki nilikuwa naenda kila baada ya miezi mitatu, nikipimwa damu, mkojo na shinikizo la damu, na macho mara moja kwa mwaka kwa sababu ya haidroksiklorokwini, lakini kwa miaka minne hakuna aliyenipima pumzi, nami sikujua kuwa pumzi ina kipimo. Kichomi kilikuwa kikirudi mara mbili tatu kwa mwaka, hasa katika baridi ya Julai, nikiongezewa prednisoloni kwa siku chache kikaondoka. Kila kiliporudi nilikuwa nikijifunza kupumua kwa juu juu, pumzi fupi fupi zisizofika chini, kwa kuwa pumzi ndefu ndiyo iliyokuwa ikiuma. Hata maumivu yalipoisha, ule utaratibu wa kupumua kwa uoga ulibaki.

Mwili ni hodari wa kuficha hasara. Mwaka 2014 nilikuwa nikiishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, na mwaka 2016 nikahamia chumba cha chini katika jengo la jirani. Nilimwambia kila aliyeniuliza kuwa nimechoshwa na kupandisha mitungi ya maji siku ambazo mifereji imekauka, jambo ambalo kila mkaazi wa Eastlands analielewa bila kuhitaji maelezo, na mimi mwenyewe nililiamini. Niliacha kutembea hadi Jogoo Road na kuanza kupanda bodaboda, nikisema ni kwa ajili ya kuwahi kipindi cha kwanza. Darasani nilianza kukaa. Kwenye kwaya ya kanisa nilihama kutoka mstari wa mbele, kisha nikahama kwaya yenyewe, nikisingizia mazoezi ya Jumamosi. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake nzuri, na hakuna hata moja lililoitwa pumzi. Daktari aliponiuliza, "Unaishiwa na pumzi ukitembea?" nilimjibu kwa moyo mweupe kuwa hapana, na nilikuwa nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimeacha kutembea.

Aliyenifumbua macho alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ni lazima nieleze kidogo kuhusu utenzi kwa ajili ya wasiofundisha somo hili. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza hufanana vina, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho, ambacho tunakiita kina cha bahari. Ukighani vizuri, pumzi moja inatosha beti mbili bila taabu, na mwanzoni mwa kazi yangu nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwa majivuno kidogo kuwa ninaweza kufika kipande cha kumi. Siku moja mwezi wa Mei mwaka 2017, nikighani mbele ya darasa, msichana mmoja wa dawati la mbele aliinua mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona siku hizi unakata ubeti kabla ya bahari? Je, tukate hapo hapo kwenye mtihani?" Alidhani ni mtindo. Usiku ule nilijifungia chumbani nikajaribu tena na tena, na kila mara pumzi iliniishia mwishoni mwa kipande cha tatu.

Hospitali niliyokwenda kwanza ilinipiga picha ya kifua, ikasema mapafu ni safi, ikanipa dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni. Ilipokosa kusaidia niliambiwa kuwa ni wasiwasi, kwamba walimu wana mambo mengi. Nilibeba ile picha hadi kwa daktari wangu wa viungo, naye akaishika juu ya mwanga wa dirisha, akanyamaza kwa muda, kisha akapima kwa kidole umbali kutoka bega hadi kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mapafu yalikuwa safi kweli, alisema, lakini yalikuwa mafupi. Kiwambo kilikuwa kimepanda juu pande zote mbili kama dari iliyoinuliwa kutoka chini. Alinituma nikafanyiwe spirometria siku hiyo hiyo.

Kipimo hicho ni rahisi kukielezea na kigumu kukifanya. Unabanwa pua kwa kibanio, unavuta hewa hadi kifua kijae, unafumba midomo kwenye mrija, halafu unapuliza kwa nguvu zako zote na kuendelea kupuliza kwa takriban sekunde sita, huku mhudumu akikuhimiza kama unayesukuma gari lililokwama: "Endelea, endelea, endelea, usiache!" Unarudia hadi mapulizo matatu yafanane, ili isije ikawa ulizembea. Mashine hutoa namba mbili zenye uzito. Ya kwanza ni hewa yote uliyoweza kuitoa. Ya pili ni ile uliyoitoa katika sekunde ya kwanza. Mhudumu wa siku ile, mzee mpole aliyeniita "mwalimu" tangu aliposikia kazi yangu, alinifafanulia kwa vibuyu. Mwenye pumu, alisema, ni kibuyu kikubwa chenye shingo nyembamba: maji yamo mengi lakini yanatoka kwa shida. "Wewe, mwalimu, shingo yako ni pana, hewa inatoka upesi. Ila kibuyu chenyewe kimekuwa kidogo." Sikuwahi kusikia maelezo bora tangu hapo, na nimeshakaa na mabingwa wengi. Hewa yangu yote ilikuwa lita 1.67, yaani asilimia 54 ya kiwango kinachotarajiwa kwa mwanamke wa umri na kimo changu. Nilikuwa na umri wa miaka 34.

Kabla ya kuupa uchache huo jina, daktari alilazimika kuondoa mambo mengine, na ni vizuri niyataje kwa kuwa wagonjwa wa lupasi husikia neno mapafu kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kuna makovu yanayojengeka taratibu ndani ya nyama ya pafu, yakianza kwa kikohozi kikavu na kuifanya hewa ipite kwa shida kuingia kwenye damu; hayo hutafutwa kwa picha ya CT na kwa kipimo kingine cha kuvuta gesi kidogo na kuizuia kwa sekunde kumi hivi, ili ionekane ni kiasi gani kimepenya. Kipimo hicho cha pili huweza kuanza kushuka mapema, hata mgonjwa akiwa hajalalamika. Kuna shinikizo linalopanda katika mishipa ya damu ya mapafu na kuuchosha upande wa kulia wa moyo, nalo hutafutwa kwa picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kuna migando ya damu inayosafiri kutoka miguuni hadi kwenye mapafu, hasa kwa wenye kingamwili zinazogandisha damu, ambazo baadhi yetu tunazo na zinapimwa. Na kuna maambukizi, ambayo kwa mtu anayemeza dawa za kupunguza kinga hayaombi ruhusa. Kwangu picha ya CT haikuonyesha makovu, moyo ulikuwa sawa, migando haikuwapo, na gesi ilipenya vyema ikilinganishwa na udogo wa mapafu yenyewe. Kilichobaki ni hali adimu ambayo madaktari wawili wa Uingereza, Hoffbrand na Beck, waliielezea mwaka 1965, na ambayo kwa Kiswahili naiita mapafu kusinyaa. Nyama ya pafu haijaharibika. Mvukuto unaoivuta ndio uliolegea. Miongoni mwa maelezo yanayotolewa ni kwamba kichomi cha mara kwa mara humzoesha mgonjwa kutovuta pumzi ndefu, mpaka kiwambo kinakosa nguvu na mapafu yenyewe yanakosa unyumbufu. Niliposikia hivyo niliikumbuka ile miaka minne ya pumzi za uoga, nikanyamaza.

Tiba ilikuwa prednisoloni kwa kiwango cha juu zaidi kwa miezi kadhaa, azathioprini, dawa ya kupunguza kinga, juu yake, na mazoezi ya pumzi mara mbili kwa siku: kulala chali na kitabu juu ya tumbo, kukiinua kwa pumzi, kukishusha, kurudia. Nilitumia kamusi, kwa kuwa ndicho kitabu kizito nilichokuwa nacho. Uso ulivimba kwa prednisoloni hadi wazazi wa wanafunzi wakanipongeza kwa kunenepa, nami nikapokea pongezi. Mwaka mmoja baadaye nilipuliza lita 2.05, asilimia 66, na mwaka 2019 nikafika asilimia 70. Daktari alinionya mapema kuwa wengi wenye hali hii huboreka au hutulia, lakini kurudi mia kwa mia si jambo la kutarajia, na nashukuru aliniambia, kwani vinginevyo ningeiona ile sabini kama kushindwa.

Tangu usiku ule wa Mei nilianza daftari. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, nikiwa nimesimama, ninaghani utenzi ule ule kwa mwendo ule ule na kuandika idadi ya vipande vilivyotoshwa na pumzi moja. Si kipimo cha hospitali na hakiwezi kuchukua nafasi yake. Hata hivyo kina sifa moja ambayo jibu langu kwa daktari halikuwa nayo: hakikubali visingizio. Tatu ni tatu, hata kama nimehama nyumba kwa sababu ya maji.

Ni daftari hilo lililonifundisha kuhusu mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano likilinganishwa na la pwani, hivyo kila pumzi hubeba oksijeni pungufu. Mwenye mapafu kamili hahisi. Mimi, nikishuka Malindi kwa likizo ya Desemba, ile oksimita ndogo ya kubana kidoleni, inayopima oksijeni kwenye damu, ambayo Nairobi huonyesha asilimia 93 au 94 hupanda hadi 97, na ninatembea kutoka sokoni hadi nyumbani bila kusimama. Mama husema ni kwa sababu hewa ya pwani ni nyepesi. Nimejaribu mara nyingi kumweleza kuwa ni nzito, na kwamba uzito huo ndio unaonifaa, akaniambia nimesoma mpaka nikapitiliza. Jambo la kuangaliwa ni kwamba vipande vya utenzi haviongezeki sana pwani. Kibuyu ni kile kile, ila kimejazwa hewa nono zaidi. Kwa hiyo kujihisi nafuu si ushahidi kuwa mapafu yamepanuka, na mgonjwa anayehama kutoka pwani kuja Nairobi asishtuke akijiona amerudi nyuma kwa wiki moja, ingawa asinyamaze pia.

Mwaka 2020 ulivuruga kila kitu. Habari zilipoenea duniani kuwa haidroksiklorokwini inatibu korona, dawa ambayo nilikuwa nikiinunua bila foleni ikatoweka madukani, na ilipopatikana bei ilikuwa imepanda hadi nikaanza kuimeza siku moja na kuruka moja. Marekani iliruhusu matumizi yake ya dharura kwa korona mwishoni mwa Machi na kuyaondoa katikati ya Juni, lakini dawa haikurejea madukani kwa kasi iliyotoweka nayo. Kichomi kilirudi mwezi wa Julai. Vyumba vya spirometria vilikuwa vimefungwa, maana hakuna aliyetaka watu wapulize kwa nguvu ndani ya chumba kimoja, na daktari wangu alikuwa akinihudumia kwa simu. Nilimsomea daftari: nane, saba, saba, sita, tano. Aliongeza dawa kwa kutegemea namba hizo, kitu ambacho nadhani hakuwahi kufundishwa chuoni. Nilipopimwa tena mwaka 2021 nilikuwa asilimia 63, na tangu hapo nimekuwa nikicheza kati ya hapo na 66.

Asilimia hizo nazo zina hila yake, na nataka nilizungumzie hili kwa urefu kwa kuwa lilininyima usingizi wiki mbili nzima. Mwaka 2022 nilipimwa katika hospitali nyingine, karatasi ikatoka na asilimia 55. Nililia ndani ya matatu kutoka mjini hadi nyumbani. Kumbe lita zilikuwa zile zile, tofauti ya mililita thelathini tu. Kilichobadilika ni kile ambacho mashine ililinganisha nacho. Mashine hizi hukisia pumzi unayopaswa kuwa nayo kutokana na umri, kimo na jinsia, na kwa miaka mingi zimekuwa zikiuliza pia asili ya mtu, zikimkadiria Mwafrika kiwango cha chini kuliko Mzungu. Ukipimwa kwa mizani ya Kizungu asilimia yako hushuka, ukipimwa kwa ile nyingine hupanda, na pafu halijafanya lolote. Siku hizi wataalamu wa Ulaya na Marekani wanahimiza mizani moja ya watu wote, na wengine wanabishana nao. Mimi si mtaalamu, lakini nimejifunza kuomba karatasi yenye lita, kuiweka kwenye bahasha pamoja na zilizotangulia, na kujilinganisha na nafsi yangu ya mwaka jana. Hata hizo lita lazima zishuke kidogo kidogo kwa sababu mapafu ya kila mtu mzima hupungua kadiri umri unavyosonga, lupasi iwepo isiwepo. Kinachomshtua daktari ni kushuka haraka kuliko umri, na hilo haliwezi kuonekana kwenye karatasi moja.

Mwendo wangu ni wa kobe, na nisingependa mtu adhani kuwa ndio mwendo pekee. Mwenzangu wa kwenye benchi la kliniki, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akinisukia hadithi za chuo kikuu tukisubiri kuitwa, alilala Ijumaa akiwa na homa na kikohozi, Jumapili akawa kwenye mashine ya kupumulia. Damu ilikuwa ikivuja ndani ya mapafu yake. Alikohoa damu kidogo tu, lakini kiwango cha damu mwilini kilikuwa kimeanguka vibaya. Hakurudi kwenye benchi. Tangu hapo homa kwangu si jambo la kunywea chai ya tangawizi. Homa pamoja na kuishiwa pumzi, makohozi yenye damu, mguu mmoja uliovimba pamoja na kifua kinachochoma, hayo sisubiri kliniki, ninakwenda siku hiyo hiyo na ninasema tangu mlangoni kuwa nina lupasi na ninameza azathioprini. Chanjo ya homa ya mafua na ile ya nimonia ninazipata. Zile zenye virusi hai nimekatazwa kwa sababu ya dawa.

Kuhusu moshi nitasema machache. Haukuniletea lupasi, lakini mapafu madogo hayana akiba ya kutumia ovyo. Nimeacha jiko la makaa ndani ya nyumba, na ninapopita Landhies Road jioni ninafunga dirisha la matatu hata abiria wakinung'unika.

Wanafunzi wangu wa sasa wanajua hali yangu, maana niliona ni afadhali wajue kuliko wakisie. Tumekubaliana kuwa nikighani, mimi nachukua vipande vitatu na darasa zima linapokea cha nne, na kina cha bahari kinaposemwa na vijana arobaini na wanane kwa pamoja hufika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Wageni wa ukaguzi waliwahi kuusifu kama mbinu ya kufundishia. Ni mpango mzuri na ndio maana siuamini, kwa kuwa unafanana mno na bodaboda na chumba cha chini. Kwa hiyo Jumapili bado ninasimama peke yangu chumbani na ninaghani vyote bila kupokewa. Wiki iliyopita niliandika saba, na pembeni nikaongeza kuwa kulikuwa na baridi na jirani alikuwa akichoma takataka.